Kichupo cha Mkurugenzi

Idara Kuu ya Maelekezo ya Mtandaoni ina furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba, kuanzia sasa, hakuna lugha ya kompyuta itakayodharauliwa tena katika nchi hii. Enzi ya ubaguzi imekwisha. Kila makala ya mafunzo kwenye tovuti ya Idara itaonyesha mifano ya msimbo kwa lugha zote zinazotambuliwa, bega kwa bega, bila moja kuifunika nyingine.

Tangazo hilo Mkurugenzi alilisoma akiwa amesimama, ingawa ofisini alikuwamo yeye na mwandishi wa makala tu. Kuna maneno ambayo mtu mwenye hadhi hayasomi akiwa ameketi.

Asiyezijua kazi za Idara afafanuliwe. Mashirika ya umma yana mafundi wa kompyuta, na mafundi hao hutakiwa kuunganisha mitambo yao na mfumo mkuu wa watumishi, ule unaoajiri, unaohamisha na unaostaafisha watu. Ili wajue pa kuanzia, Idara huwaandikia makala mtandaoni, na ndani yake huweka kipande cha msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, cha kunakili. Zamani kipande kilikuwa kimoja, kwa lugha ya Java. Fundi wa Java alinakili akaenda zake kunywa chai. Fundi wa lugha nyingine alibaki akitafsiri huku akitukana. Sasa juu ya kila kisanduku cha msimbo kungekuwa na vichupo, yaani vile vibao vidogo vya kubofya: bofya hiki uone Java, bofya kile uone Python. Jambo dogo. Kwingine lingefanywa na mtu mmoja kabla ya chakula cha mchana, lakini huko kwingine hawana Mkurugenzi.

Na Mkurugenzi alikuwa na sababu ya kulikuza. Umri wake wa kustaafu ulikuwa umefika mlangoni na kupiga hodi. Alikuwa amemwandikia Waziri barua ya kuomba aongezewe muda, na Waziri alikuwa amenyamaza kimya kama maji mtungini. Tusifiche, aliipenda ile kazi. Alipenda kiti kinachozunguka, alipenda mlango uliofunguka kwa kadi yake kabla hajausukuma, alipenda watu walivyokatisha maongezi kwenye korido kila alipopita. Alikuwa hata na koti la ofisini ambalo halijawahi kufika nyumbani kwake. Kazi ya koti hilo ilikuwa kukaa kwenye mgongo wa kiti, ili anayechungulia ajue kwamba mwenyewe yupo, katoka kidogo tu.

Nyumbani ulikuwapo mlango wa jikoni uliokuwa unaning'inia kwa bawaba moja. "Nikistaafu nitautengeneza," alikuwa akimwambia mkewe, na moyoni alikuwa ameapa kwamba mlango huo utaanguka wenyewe.

Kwa hiyo ikaundwa Kamati ya Mpangilio wa Vichupo. Swali lililokuwa mezani lilikuwa moja, na lilikuwa zito: makala ikifunguliwa, kichupo cha nani kitangulie?

"Java," alisema mzee aliyeiwakilisha Java, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. "Mkubwa hutangulia. Hata msibani ni hivyo."

"Mkubwa wa nani?" akamkata dada wa Python. "Python imezaliwa kabla ya Java. Kama ni umri, Java ituamkie shikamoo hapa hapa."

"Basi tufuate alfabeti," mwandishi wa makala akajaribu kusuluhisha.

"Alfabeti!" jamaa wa PHP akaruka. "Hiyo hiyo iliyofanya jina langu liitwe la mwisho kila mahali tangu shule ya msingi? Mimi naondoka." Hakuondoka, kwa sababu chai ilikuwa haijaletwa.

Wakabishana mpaka chai ikaja, ikanywewa, na vikombe vikatolewa. Ndipo Mkurugenzi akagonga meza kwa pete yake.

"Kichupo cha kwanza," alisema, "kitakuwa changu."

Akaeleza kwa upole, kama anayewagawia watoto peremende. Kichupo cha kwanza hakitakuwa na msimbo wowote. Kitakuwa na picha yake na nasaha fupi: *Ndugu msomaji, kabla hujabofya, jiulize umelifanyia nini taifa lako.* Baada ya hapo Java, Python, PHP na JavaScript zitabadilishana nafasi kila siku kama walinzi wa zamu. Hakuna aliyeshinda, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Wajumbe walipiga makofi, kila mmoja akifurahia kwamba mwenzake kakosa.

Azimio likaandikwa, na maneno yake aliyachagua yeye mwenyewe: hakuna makala itakayochapishwa bila picha ya Mkurugenzi aliye kazini, na hakuna huduma itakayofunguliwa kabla makala yake haijachapishwa. Hapo kwenye "aliye kazini" alikaza sauti. Picha ya mtangulizi wake bado ilikuwa imetundikwa kwenye korido, na kila alipoipita ilimtazama kama mtu anayedai kiti chake.

Mwandishi wa makala alikuwa mama mchangamfu, mwenye ulimi mwepesi na likizo iliyokuwa inakataliwa kila mwaka. Alipeleka rasimu ya makala ya kwanza. Mkurugenzi aliipitia kwa kidole, akakwama kwenye mstari mmoja.

"Huyu Fulani ni nani?"

"Ni mfano tu, mzee. Msimbo unahitaji jina la mtumishi, basi tunaweka Fulani, na namba ya sufuri tupu. Fundi akinakili anafuta, anaweka jina la mtu wake."

"Fulani ana cheo gani?"

"Hana, mzee. Ni Fulani tu."

"Mtu asiye na cheo anaingia kwenye makala ya serikali, kwa lugha nne, mimi naishia kwenye picha?" Akachukua kalamu nyekundu. "Mtoe. Weka jina langu kamili na namba yangu ya utumishi. Makala zote, lugha zote."

Mwandishi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Zote, mzee? Maana hii ya uzinduzi ni ya kustaafisha mtumishi."

"Nimesema zote. Au Kiswahili changu kina kona?"

"Hakina kona, mzee, kimenyooka. Ila kuna kile kitufe cha Jaribu chini ya kila mfano. Msomaji akikibonyeza, msimbo unafanya kazi pale pale. Nilikuwa nimeomba tutengenezewe mfumo wa majaribio pembeni, ili..."

"Ombi hilo nililikataa, na nakumbuka kwa nini. Majaribio ni ya watu wasiojiamini. Serikali haijaribu. Serikali inatekeleza."

"Sawa, mzee. Natekeleza," alisema mwandishi, na akaomba likizo yake papo hapo. Ikakataliwa. Alirudi mezani kwake akaandika alivyoagizwa, herufi kwa herufi, bila kuongeza wala kupunguza.

Makala ya kustaafisha haikuchaguliwa kwa bahati mbaya. Wiki chache nyuma Waziri alikuwa amelalamika hadharani juu ya wazee wanaong'ang'ania ofisi kama kupe, na Mkurugenzi ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kupiga makofi. Aliona mbali. Waziri akipewa chombo cha kuwaondoa wazee wote kwa kubofya, atakosaje kumwongezea muda mzee aliyemletea chombo hicho?

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Viti vya mbele vilivalishwa vitambaa vyeupe, vya nyuma viliachwa uchi. Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa cha kuonyeshea, na humo, kubwa kuliko mlango, ilikuwa picha ya Mkurugenzi ndani ya kichupo chake. Waziri alikaa katikati akijipepea kwa ratiba.

Mkurugenzi alihutubia kuhusu usawa. Alisema lugha ni kama watoto, mzazi hachagui. Kisha akaingia kwenye kichupo cha Java, akainua kidole juu ili wapiga picha wakione, akakishusha kwenye Jaribu.

Kioo kikaandika: *Imefanikiwa.*

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mzee wa Java alisimama akainama mara mbili. Lakini dada wa Python alikuwa anamtazama Mkurugenzi bila kupepesa, na usawa ni usawa. Akaingia Python, akabonyeza.

*Imefanikiwa. Mtumishi huyu alikuwa amekwisha kustaafu. Amestaafishwa upya.*

Makofi zaidi. PHP akapiga kelele kudai haki yake, akapewa. JavaScript hakuwa na mjumbe, ila Mkurugenzi alikuwa ameshanogewa. Kila alipobonyeza, maandishi yalizidi kuwa marefu na makofi yakazidi kuwa mafupi, kwa sababu watu walikuwa wameanza kusoma.

Waziri aliacha kujipepea. "Mkurugenzi, hilo jina hapo juu si lako?"

"Ni mfano tu, Mheshimiwa."

"Kwenye mfumo wa majaribio?"

Mwandishi wa makala, kule kwenye viti vilivyo uchi, alitazama chini akahesabu vidole vyake.

"Mfumo wa majaribio hatuna, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi. "Serikali haijaribu. Serikali..." Akamalizia kwa kunong'ona. "Inatekeleza."

Waziri aliinuka, akapanda jukwaani, akamshika mkono na hakuuachia.

"Ndugu zangu," aliuambia ukumbi, "wengi wamesimama mbele yangu wakisema vijana wapishwe, kisha wakarudi kukaa. Huyu ameanza na yeye mwenyewe. Tena kwa lugha nne, asije mtu akasema hakuelewa." Kisha akamwinamia sikioni. "Ile barua yako, mzee wangu, nilikosa namna ya kuijibu. Umenitua mzigo."

Wapiga picha wakapiga. Katika picha hiyo Mkurugenzi anaonekana ametabasamu, lakini waliokuwa karibu wanasema alikuwa anatafuta hewa.

Asubuhi iliyofuata alifika getini kwa saa yake ile ile. Alipitisha kadi. Geti likakaa kimya.

"Mzee, imekataa," alisema mlinzi.

"Inakataaje? Hunijui?"

"Nakujua sana, mzee. Shikamoo. Ila geti ndilo lisilokujua."

Mwandishi wa makala alikuwa anarudi ndani, kikombe cha chai mkononi. Mkurugenzi alimwita kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwake, sauti ya mtu na dada yake.

"Dada yangu, kuna ile huduma ya kumrejesha mtumishi aliyestaafishwa kimakosa. Nifanyie hima."

"Ipo, mzee, iko tayari kabisa. Nimeiandika kwa lugha zote. Ila huduma haifunguliwi kabla makala haijachapishwa."

"Chapisha, basi!"

"Makala haichapishwi bila picha ya Mkurugenzi aliye kazini. Azimio lako, mzee."

"Si mimi hapa?"

"Ni wewe, mzee, sikatai. Ila uko nje ya geti."

Alishika nondo za geti. Hapo tuweke utani kando kidogo: machozi yalimlenga. Miaka yote aliyopita hapo bila kusukuma, na leo baridi ya chuma iliingia mpaka kwenye mifupa ya mikono.

"Azimio libadilishwe. Itisheni kamati."

"Kamati huitishwa na Mkurugenzi, mzee."

"Sasa ofisi inaendeshwa na nani?"

Mwandishi alipiga funda la chai. "Inakwenda tu. Asubuhi hii wamekuja wageni, wamechungulia, wakaona koti. Tukawaambia katoka kidogo. Wamekaa wanasubiri, hawana neno. Na kwa kuwa koti lipo, utumishi wanasema kiti hakijawa wazi, kwa hiyo hakuna wa kukaimu. Hata likizo yangu imepita. Niliiweka mezani mbele ya koti, halikukataa."

Akaingia. Geti lilimfungukia kabla hajalisukuma.

Nyumbani mkewe alimpokea kwa bisibisi na bawaba mpya. Hakumcheka, lakini pia hakuwa na haraka ya kumhurumia. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, baba watoto," alisema. "Shika hapa juu, mimi nakaza chini."

Akashika. Simu yake ililia mfukoni. Akaitoa haraka, akidhani pengine ni Waziri. Ulikuwa ujumbe wa mfumo: *Umestaafishwa. Taifa linakushukuru kwa utumishi wako.* Ikalia tena, kisha tena. Makala ile ilikuwa inasomwa kuliko makala yoyote katika historia ya Idara, na kila fundi aliyeifungua, awe wa shirika la maji au la posta, aliipita picha bila kuitazama, akachagua lugha yake, akabonyeza Jaribu kuona kama inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi vizuri mno.

"Nani huyo?" mkewe aliuliza kutoka chini ya mlango.

"Mtu anajifunza."

"Kwa lugha gani?"

Aliinua simu akasoma. "Python."

"Mwambie hapa tulishaelewa tangu Java," alisema mkewe. "Sogeza mlango kidogo."