Bendi Tatu, Waya Mmoja

Jumapili, 9 Novemba 2025

Nimeacha bendi ya kanisa letu la Wakenya hapa ugenini. Wao wanasema wamenitoa. Tofauti ndogo. Nilipiga solo ya dakika sita wakati wa meza ya Bwana, watu wameshika mkate mkononi. Mchungaji alisimama na kikombe akingoja nimalize. Nikadhani ameguswa! Baada ya ibada akaniambia kwa upole kwamba idara ya maegesho ina upungufu wa watu. Mimi, Moffat Gikonyo, kuelekeza magari!

Hawajui wanacheza na nani. Nilizaliwa Leicester, Uingereza, Baba akiwa masomoni. Niliondoka nikiwa na miezi minane, lakini roki ilikuwa imeshaingia damuni. Wapiga gitaa wakubwa wa kule huhama bendi. Ya kwanza haiwaelewi, ya pili inawaonea wivu, ya tatu inawapa jina. Mimi nimeshamaliza ya kwanza. Mambo yanaenda sawa kabisa.

Binti yangu Fiona, miaka kumi na tano, alikaa nyuma ya gari, kofia ya sweta imemfunika hadi puani. Nilimfundisha gitaa tangu ana miaka sita. Kila Jumamosi tulikuwa tunapiga wawili sebuleni. Mwaka juzi akaacha, akasema namwaibisha. Sijamwambia mtu jinsi sebule ilivyonyamaza tangu siku hiyo.

Leo, kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikamwomba tupige pamoja kwenye sherehe ya Jamhuri ya Wakenya, mbele ya balozi, tarehe 13 Desemba. Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: nikimaliza wimbo mmoja tu mbele ya watu, bila kuondolewa, atakubali.

Wimbo mmoja! Nilicheka hadi robot ikawa kijani na wa nyuma wakanipigia honi.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepata bendi ya pili. Ndani ya siku moja! Abdulrahman, Mzanzibari wa mtaa wa Fordsburg, ana kikundi cha harusi na mpiga gitaa wake amesafiri. Nikamwambia natoka Leicester. Akaniuliza kama naweza kupiga taratibu. Nikasema hiyo ndiyo sifa yangu kubwa.

Wamaitha, mke wangu, ameuliza koti la ngozi la nini kwenye joto hili. Nikamwambia kule kwetu Uingereza hakuna anayeuliza swali kama hilo. Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Jumamosi, 15 Novemba

Harusi. Ukumbi wa wanawake peke yao, mabuibui wamevua, wamejipamba, wanacheza kwa raha zao. Sisi wapigaji wanaume tulikuwa nyuma ya pazia. Abdulrahman alinikanya mara tatu: kwa vyovyote vile, nisivuke pazia.

Sasa, Fiona, niliyemleta ashuhudie, alikuwa upande ule mwingine. Ataniona vipi? Sikuvuka. Nilitoa mguu mmoja. Labda na bega.

Kosa ni la waya wa gitaa. Mita tatu tu! Huwa naupitisha kwenye mkanda wa gitaa usichomoke. Ukanasa mguu wa nguzo ya pazia, nikauvuta, pazia lote likashuka chini, nguzo na maua juu yake. Mayowe! Bibi harusi aliingia chini ya meza. Shangazi yake alinipiga na sinia la kaimati, shira ikanitiririka shingoni. Abdulrahman alinisindikiza hadi garini akiniita mzee wangu kwa heshima zote, akaniomba nisirudi tena Fordsburg kwa sababu yoyote.

Bendi ya pili: wivu. Kama nilivyosema.

Fiona alinitoa kaimati moja kwenye kola, akaila.

Jumatano, 19 Novemba

Bendi ya tatu! Hii ndiyo itakayonipa jina. Kanisa la Wakongo kule Berea, chini ya ghorofa kuukuu. Évariste, kiongozi wa bendi, alikuwa na shida kubwa ya mtu wa gitaa la rythme, lile la kusindikiza. Kwao magitaa yana vyeo. Damien anapiga solo. Wa rythme anarudia kodi mbili zilezile, yaani chords, robo saa nzima, amesimama palepale, mpaka Évariste ainue mkono. Kodi mbili! Mimi!

Nilikubali kwa mdomo. Damien akauliza kama watu wa Leicester wana subira, akajichekea. Atanijua mimi ni nani.

Fiona alikuja mazoezini. Alikaa pembeni, vidole vikifuata zile kodi juu ya goti. Nilijifanya sioni.

Jumapili, 23 Novemba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mgongo.

Tulianza vizuri. Kodi mbili, kodi mbili. Fiona mstari wa pili, ananitazama bila kofia! Dakika nne nilikuwa malaika. Kisha wimbo ukachangamka, viti vikasukumwa, akina mama wakatoa leso, na wote wakampungia nani? Damien. Eish! Nikapandisha sauti, nikafumba macho, nikashuka kati ya watu na solo yangu.

Mstari wa nne, waya ukaisha. Mkanda ukanirudisha nyuma kwa nguvu, nikaanguka chali, puu! Gitaa nalo likabaki linalia lenyewe.

Mama Victorine, mkuu wa waombezi, aliona mtu aliyefumba macho akitupwa chini na kitu kisichoonekana. Kabla sijavuta pumzi, akina mama sita walikuwa juu yangu, nimefunikwa kitenge, nimeshikwa kichwa. Mama Victorine akamwamuru pepo aliye ndani yangu aseme anatoka wapi. Swali hilo mimi sijawahi kulikwepa maishani. Nikajibu kwa fahari, chini ya kitenge: Leicester!

Kanisa zima likapaza sauti: Leicester, toka! Leicester, toka!

Wakanibeba hadi chumba cha nyuma. Nikiwa huko nikasikia gitaa langu. Kodi mbili. Taratibu, bila kuchoka, bila kukosea. Si Damien huyo. Ule mkono naujua, unachelewa kidogo kwenye kidole cha pete, niliukemea miaka saba ukakataa kubadilika. Watu wakaanza kucheza upya, sakafu ikatetemeka. Wimbo ukafika mwisho wake.

Nililia waziwazi. Mama Victorine akawaambia wenzake kwamba sasa Leicester anatoka.

Jumatatu, 24 Novemba

Évariste amepiga simu. Nikasafisha koo nimsikie akiniomba radhi. Anamtaka Fiona kila Jumapili. Mimi, wataendelea kuniombea.

Mezani asubuhi Fiona alisema sikumaliza wimbo, nilibebwa. Lakini umemalizwa na gitaa langu, kwa hiyo atanihesabia nusu. Masharti: tarehe 13 yeye anaongoza, mimi kodi mbili, nasimama palepale, solo hakuna. Kisha akasema kwa Kiswahili, bila kulazimishwa na mtu, "Tutapiga, Baba."

Chai ilinipalia. Sijawahi kujivunia kitu hivi, hata Leicester. Niliapa mbele ya mama yake, mkono juu ya Biblia: kodi mbili, palepale, nife nikisogea.

Jioni nikavaa miwani ya jua, nikapita Fordsburg kwa siri, nikanunua waya wa mita ishirini. Nimepima. Unafika hadi meza ya balozi.