Msiba wa Masele wa Kwenye Video

Jumapili, 13 Juni 1999
Specioza mjukuu wangu, misimu miwili ya pamba imepita hujakanyaga hapa Zagayu. Mwanza siyo Ulaya. Daftari hili uliliacha mwenyewe, basi naliandika mpaka uje ulisome. Usinisahihishe. Herufi nilizipata kisomo cha watu wazima, shule niliiona kwa nje.

Uani kwangu hakuna mtu. Tangu Luhaga, mwanawe Wilhelmina, aanze kununua pamba kwa niaba ya kampuni ya watu binafsi, amemletea mama yake televisheni, deki ya video na jenereta. Jua likishuka, kijiji kizima kiko kwa Wilhelmina. Zamani walikuja kwangu kumenya karanga na kusikiliza maneno yangu. Sasa namenya peke yangu. Maneno namwambia mbuzi.

Na mimi naenda. Ningekaa na nani?

Mchezo wenyewe ni wa nchi za mbali. Katekista Marcelo anatafsiri, yaani anatunga. Nyumba ina vyumba ishirini na hakuna anayefagia. Farasi tele, ng'ombe hata mmoja hakuna. Msichana analia tangu Pasaka na nywele hazijamharibika. Kijana anayemlilia ndiye mtu. Jina lake lilitushinda, nikampa mimi: Masele. Sasa wote wanamwita hivyo. Katika sebule nzima ya Wilhelmina, changu ni hicho tu.

Jumanne, 15 Juni
Masele ameanguka kutoka kwa farasi. Damu. Msichana akapiga yowe, kanda ikaisha. Kanda inayofuata Luhaga ataileta kesho kutwa. Wanawake walitoka wakifuta macho kwa kanga.

Njiani nikapata akili. Penye msiba jirani hafungulii redio, seuze televisheni. Na marehemu huyu jina nilimpa mimi. Mfiwa ni nani basi?

Jumatano, 16 Juni
Asubuhi nimejifunga kaniki, nimekaa chini mlangoni. Marcelo akapita, akanisalimu mwangaluka, akauliza nani amefariki. Nikasema Masele. Akasema, bibi, yule wa kwenye video? Nikamuuliza jana yale machozi alikuwa anamlilia nani. Akavua kofia.

Kufika adhuhuri uani pamejaa. Unga umeletwa, maharage, kuni. Wilhelmina amekuja na mkeka wake, akalia kunizidi. Eti alimpenda kama Luhaga. Nimemwambia apunguze, wafiwa ni sisi.

Jenereta kimya.

Ijumaa, 18 Juni
Siku ya tatu. Raha tupu, Mungu anisamehe. Wameniomba niwasimulie marehemu. Nimewapa utoto wake wote: alivyochunga, alivyoumwa surua, alivyokuwa hali mlenda. Mzee Mayige akasema kumbe ndiyo maana alikuwa mwembamba.

Kanda imefika. Iko kwa Wilhelmina juu ya deki, imefunikwa kitambaa. Wameanza kuuliza matanga yanaondolewa lini. Nikasema tusubiri ndugu walio mbali. Mayige akataka kujua ndugu gani. Nikasema wale wenye farasi. Anna, mke wa Marcelo, akacheka, akajifanya amepaliwa.

Nimemenyewa debe zima la karanga. Na kuna mtu ameniuliza mgongo unaendeleaje. Specioza, hilo sijaulizwa tangu uondoke.

Jumamosi, 19 Juni
Marcelo ameondoa matanga kwa nguvu. Anasema kesho hawezi kusimama mbele ya altare akiwa na msiba usio na kaburi. Tukafagia majivu, tukaenda kwa Wilhelmina sote, mimi mbele.

Picha ya kwanza kabisa: Masele yuko hospitali. Akafumbua macho. Marcelo akatafsiri kwamba anaomba uji.

Nilipiga kigelegele. Peke yangu. Wengine wote waligeuka wakanitazama mimi, televisheni wakaiacha.

Wilhelmina akasema, kwa ule upole wake unaoudhi, kwamba mtu aliyeliliwa akirudi hai, mwenye msiba huchinja. Mayige akasema ndivyo ilivyo, tena kesho. Mimi mbuzi ninaye mmoja. Yule niliyekuwa namnenepesha kwa ajili yako.

Jumapili, 20 Juni
Wamekula. Wamesifu supu. Wilhelmina amebeba mguu wa nyuma, eti ni wa Luhaga. Jua liliposhuka wakanawa mikono, wakaniaga vizuri sana, wakaenda kumtazama Masele akijifunza kutembea.

Sikwenda. Nimekaa uani. Karanga zote zimeshamenywa. Mbuzi naye hayupo.

Jumatatu, 21 Juni
Nimefikiri mpaka nikaliona kosa langu. Nilichagua msiba. Msiba siku tatu umekwisha, na marehemu akiamka unachinja. Harusi ndiyo kitu. Harusi ina kuposa, ina ng'ombe wa kubishaniwa mwezi mzima, na bwana harusi hatazamiwi kufa.

Basi asubuhi nimemwambia Anna kwamba unaolewa. Akauliza na nani. Nikasema mtu wa Mwanza, mrefu. Kufika saa nne Wilhelmina alishakuja na mkeka. Anasema ng'ombe kumi na wawili, mimi nasema ishirini, Mayige ametumwa kuita wazee. Jioni hii wako hapa wote, wanabisha, wanamenya karanga walizokuja nazo.

Sasa sikiliza, maana daftari hili nalituma kwako kwa basi la kesho. Ukija, vaa gauni la mikono mirefu. Shukia mwisho wa kijiji, upite mbele ya nyumba ya Wilhelmina taratibu, usicheke. Ukipata mwanamume mrefu njiani, mje naye. Usipompata, sema yuko nyuma anakuja.