Sisimizi wa Serikali Chumbani kwa Mtoto

Kina mama wote wenye watoto wa kunyonya, wa Kibaoni, wa Kivukoni na wa ng'ambo ya Lupiro, mnatangaziwa hivi: serikali ikiwapa mdudu, mpokeeni kwa mikono miwili, ila mtazame kwanza mtoto amelala wapi. Ndilo onyo langu. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Asiye na haraka asome yaliyotupata mwaka wa hamsini na nne, aone kwamba sina ugomvi na serikali hata kidogo.

Mwaka ule, kabla ya mvua za kupandia mpunga, iliundwa hapa Ifakara Idara ya Bidii na Mfano Mwema. Idara ilikuwa na mtu mmoja, Bwana Pantaleo, na meza moja, na ubao mlangoni wenye maandishi mekundu. Bwana Pantaleo alikuwa mtu wa kwetu kabisa, mama yake akiuza kambale pale Kivukoni, lakini alipelekwa kozi Morogoro. Huko, barazani kwa Mzungu mmoja, aliona vioo viwili vimebanwa pamoja na udongo katikati, na ndani yake sisimizi wanachimba vijia vyao mchana kutwa bila kusimamiwa na mtu. Akarudi nalo hilo kichwani.

Likaitishwa baraza. Akatueleza kwamba uvivu wa bonde la Kilombero umechunguzwa na kuonekana hauna sababu nyingine ila kukosa mfano. Kwa hiyo kila nyumba ingejenga Makazi ya Mdudu Mwenye Bidii, nayo yangewekwa katika chumba wanacholala watoto, usawa wa kichwa, ili mtoto akifumbua macho kitu cha kwanza kukiona kiwe kazi. Jirani yangu Scolastica, ambaye mdomo wake haujapata kufungwa na mtu, akauliza: je, sisimizi naye akifumbua macho, kitu cha kwanza akamwona mtoto, itakuwaje? Akaambiwa swali lake limepokelewa.

Vioo hatukuwa navyo. Madirisha ya vioo yalikuwa misheni tu, na baada ya tangazo lile mapadre walionekana wakisimama karibu nayo. Mume wangu, Apolinari, ana mikono ya kazi. Alichukua chemni ya taa yetu, akaisimamisha juu ya udongo wa kichuguu alioukanda na pumba za mpunga usije ukapasuka. Akatoboa kibuyu ubavuni, akakiunganisha na chemni kwa bua la jani la mpapai, kila kiungo akakiziba kwa nta. Chemni ikawa mahali pa kazi, kibuyu kikawa mahali pa kulala. Akawatia sisimizi kwa kuwatega na ganda la muwa. Nyumba ikapendeza kuliko yetu. Sisi tulikaa gizani kwa kukosa chemni, wao wakakaa katika kioo, na Apolinari akawa anaita wapita njia waje watazame.

Mimi nilimtazama mwanangu Raimundi. Alikuwa hajaanza kukaa mwenyewe, mdomo unanuka maziwa saa zote, na kila mwanamke anajua harufu ile inawaita nani. Nikaweka miguu ya kitanda ndani ya makopo ya maji, kila mguu kopo lake. Sisimizi walifungwa kwa nta na mtoto wangu akazungushiwa maji, ndipo nikapata usingizi wa kuku.

Bwana Pantaleo alipokuja kukagua alichuchumaa mbele ya chemni, saa mkononi. Kwa bahati mbaya ilikuwa mchana wa jua kali na sisimizi walikuwa wamejipumzikia kibuyuni. Akatikisa kichwa. Alisema ameona hivyo hivyo nyumba hadi nyumba, kwamba sisimizi wa Ifakara wameshaambukizwa tabia ya wenyeji.

Baraza la pili likaitishwa. Sisimizi waliondolewa katika mpango kwa utovu wa bidii. Mahali pao angekaa Mdudu wa Daraja la Kwanza, anayekwenda kwa mstari, mwenye askari wake pembeni, asiyelala wala kuchoka. Tukasubiri alitaje jina, ingawa tulishalijua. Akalitaja. Siafu.

Yakaongezwa masharti, na amri ikishatoka haifutwi mpaka ipite bomani Mahenge. Ni marufuku kummwagia majivu, moto au maji mdudu aliye kazini. Kila nyumba itatoa samaki wa kukausha kuwa posho ya wadudu, nao watatunzwa nyumbani kwa Bwana Pantaleo mwenyewe, maana wananchi wakiachiwa posho wataila. Na nyumba itakayokutwa bila mdudu, mwenye nyumba atakwenda kulima barabara. Barabara, wakati nguruwe na viboko wanausubiri mpunga wetu kama sisi tunavyousubiri.

Nilikwenda ofisini, mtoto mgongoni. Nikamwamkia shikamoo, ingawa ni mdogo kwa kitinda mimba wetu, naye akaitikia bila aibu. Nikamweleza kwamba siafu si wabaya, ila nimesikia habari za watoto walioachwa mkekani mama akaenda kuteka maji. Nikaomba hao wa kwangu wakae kwenye banda la jiko.

"Mama Raimundi," akasema, "jikoni analala nani?"

"Halali mtu, Bwana."

"Sasa watamfundisha nani?"

"Na wakitoka?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyesoma anavyomtazama aliyeishia la nne. "Mdudu wa serikali hatoki bila ruhusa."

Nikashukuru. Apolinari akaenda ukingoni mwa shamba na debe, akarudi na siafu na miguu miwili imevimba. Akawatia katika chemni, akaziba. Walizunguka mle ndani kama maji yanayochemka, wakitafuta ufa. Nilikaa nikiwatazama, nikamtazama Raimundi aliyekuwa anacheka nao, anawanyooshea mkono. Apolinari alipotoka nikaibeba ile nyumba, kioo na kibuyu na vyote, nikavuka shamba mpaka kwenye matete, nikaifungua nikakimbia. Nilipoirudia baadaye ilikuwa tupu. Nikairudisha mahali pake, nikaifunika kanga kwamba wamelala.

Hivyo nikawa mhalifu wa serikali. Ukaguzi ulipangwa Jumatatu. Wiki ile kila mtu alipobisha hodi nilikwenda kwanza kuivuta kanga vizuri juu ya chemni, ndipo nikaitika. Nikimwogopea mtoto, namponza baba yake. Nikimwogopea baba yake, namlaza mtoto na siafu. Wenye watoto mtanielewa.

Jumamosi ikanyesha kutwa nzima. Jumapili tukitoka misa tulikuta watu wa Kibaoni wamekaa nje kando ya njia, na vyungu vyao, kuku wao, watoto migongoni. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Kwetu siafu wakija mtu hapigani nao: anawaachia nyumba. Wanakula panya, mende, kunguni na nge, kisha wanaondoka zao, nawe unarudi nyumba imefagiwa vizuri kuliko ulivyoweza wewe. Lakini siku ile hawakuingia kwa mtu. Mstari mnene kama kamba ya mtumbwi ulikata njia, ukatupita sote, ukanyooka mpaka kwenye nyumba moja tu. Ndiko walikokuwa samaki wa kukausha wa kata nzima, wamepangwa mpaka darini.

Bwana Pantaleo misa hakwenda, alikuwa amejipumzisha. Sauti yake ilitoka kwanza. Kisha akatoka yeye, shati mwilini, suruali mkononi, akiruka kama anayetwanga kwa miguu.

"Majivu," akasema. "Leteni majivu."

Watu wakatazamana. Majivu yalikuwapo, Scolastica alikuwa na ungo mzima miguuni pake.

"Tungeleta, Bwana," akasema Scolastica, "lakini wako kazini."

"Nani yuko kazini?"

"Hao hapo. Tena wana bidii."

"Amri hiyo naifuta."

"Kwa mdomo, Bwana? Si ulisema amri haifutwi mpaka ipite Mahenge?"

Siafu mmoja akamshauri kwa kumuuma ukosini, akaruka tena. Muda si mrefu ule mstari ukaanza kurudi. Ulibeba vipande vyeupe vidogo vidogo, ukatupita tena mbele ya miguu yetu, taratibu, askari pembeni. Tulikaa tukiwaaga kambale wetu. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza posho ya wadudu kuwafikia wadudu.

Nyumba ya mtu wakishaichukua hawaulizwi watatoka lini. Bwana Pantaleo akakung'uta godoro lake, akalitwisha kichwani, akaanza kuomba mahali pa kujinyoosha. Wananchi hawakumnyima. Kila mlango alikaribishwa vizuri, akaoneshwa pa kulala, na akaoneshwa na nyumba ya siafu usawa wa kichwa, kama ilivyoamriwa. Kwa Scolastica alihakikishiwa kwamba siafu wa pale wamejaa tele, na tangu asubuhi wanatafuta njia ya kutoka. Akashukuru akaendelea.

Jua likiwa bado juu, akafika kwangu. Apolinari alikuwa shambani. Nilikuwa nimetoka kumlaza Raimundi, na nilipomwona mlangoni nikajua ukaguzi umewahi. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja, na jicho la upande huo halifunguki vizuri. Akaikodolea macho chemni iliyofunikwa kanga.

"Mama Raimundi. Humu ndani wapo?"

Nilifikiri kusema ndiyo. Kisha nikamwona mwanangu alivyolala, mikono imetupwa juu, nikachoka kuogopa.

"Hawapo, Bwana. Niliwatoa mwenyewe, mume wangu hakujua. Kosa ni langu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akatua godoro lake chini, polepole, akaketi juu yake.

"Kosa nimeliona," akasema. "Hebu nisogezee mtoto kidogo, nilale."