Bipu Moja Ndiyo, Bipu Mbili Hapana

Jumapili, 1 Septemba 2002

Baba Mdogo Hassani amerudi kutoka Mlali. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Yeye ndiye mshenga wangu, kwa hiyo nilimpa kiti kizuri na chai kabla ya kumuuliza chochote. Nilivumilia mpaka kikombe kikafika nusu.

Posa imepokelewa! Mzee Abdulkadiri, baba yake Shamimu, hakukubali wala hakukataa. Amesema atakaa na ndugu zake, jibu Alhamisi. Kifungua mlango nacho kimepokelewa. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Wenzangu hupeleka kanga na sukari ili wazee wafungue midomo. Mimi nimepeleka simu ya mkononi, mpya, na laini ya mtandao wa Kengele ndani yake. Nani Dodoma nzima amewahi kufungua mlango wa mkwe kwa simu? Hakuna!

Na jibu litakuja kwa simu hiyo hiyo. Bure kabisa. Mzee ni mfanyabiashara wa karanga na alizeti, hapendi kumaliza vocha (nani anapenda?), kwa hiyo nilimtuma Baba Mdogo amweleze: akikubali, anibipu mara moja. Akikataa, mara mbili. Simu iite kidogo, akate, kwisha. Mji mzima unaishi kwa kubipu siku hizi. Kwa nini ndoa isipite huko huko?

Shamimu hakufurahi nilipomweleza. Aliuliza kwa nini Baba Mdogo asirudi tu Mlali akasikie jibu kwa masikio yake, kama washenga wa watu wengine. Nikamwambia huu ni mwaka elfu mbili na mbili. Akanitazama juu mpaka chini. Anafundisha darasa la tatu, ndiyo maana ana macho yale.

Namba ya mzee nimeshaiweka kwenye simu yangu. Jina: MKWE.

Jumatatu, 2 Septemba

Siku mbaya. Bartolomayo ametundika kitambaa kipya, kirefu kuliko duka lake. Kinasema Tausi inafika kila kona. Kinapigwa na upepo mchana kutwa, pa, pa, pa, siwezi hata kufikiri.

Nieleze kwa ajili ya wajukuu watakaosoma humu. Mimi ni wakala wa Kengele, Barabara ya Saba, kibanda cha zambarau. Yeye ni wakala wa Tausi, ng'ambo ya barabara, kibanda cha rangi ya chungwa. Ni Mgogo wa Ihumwa, mpole, mcheshi, kila asubuhi ananisalimu "mbukwenyi" kama vile hatujawahi kunyang'anyana wateja. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Leo alivuka barabara akaniambia, kwa sauti ya chini, eti amesikia habari za posa na ananiombea heri. Ila ana shangazi yake Mlali, na anavyojua yeye, Kengele kule inashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya mashine ya kusaga, tena upepo ukiwa umetulia. Akajitolea kunipa laini ya Tausi nimpelekee mzee. Bure.

Bure! Ndiyo njia wanayoingilia. Leo laini moja kwa mkwe wangu, kesho Mlali nzima ni Tausi, na mimi nauza nini, maji? Nilimshukuru nikamwambia Kengele inashika Mlali yote, mpaka ndani ya visima. Mteja aliyekuwa amesimama pale akanunua Tausi.

Jumanne, 3 Septemba

Sikujua kama napigiwa bipu nyingi kiasi hiki. Siku nyingine ni kero tu. Leo kila simu ikiita moyo unaruka, halafu naona ni fundi cherehani anataka nimpigie. Halafu ni Raheli wa mgahawa, anataka kujua kama nitakula. Halafu fundi tena.

Jibu ni Alhamisi, najua. Lakini wazee hubadilika. Wanaweza kuamua mapema. Wanaweza kuamua wakati fundi ananibipu, nisijue.

Nimebandika kibao dukani: USINIBIPU MPAKA IJUMAA. Matokeo: watu ambao hawakuwa na haja na mimi wamenibipu waone kama ni kweli. Raheli amekasirika. Amesema tangu lini najiona bosi, na wali amempa mtu mwingine. Nimekula karanga za Mlali, zile alizoleta Baba Mdogo. Nzuri sana. Nilikaribia kulia nikizila, nikifikiri kwamba huenda ndizo za mwisho.

Jumatano, 4 Septemba

Umeme umekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Simu yangu ina kijistari kimoja cha chaji. Kimoja! Na kesho ndiyo kesho.

Niliizima ili kulinda chaji. Nikaiwasha kuona kama mzee amebipu. Nikaizima. Nikaiwasha. Kufika mchana kijistari kilikuwa kinapepesa.

Mtu pekee mwenye betri ya gari Barabara ya Saba ni Bartolomayo. Nilizunguka mtaa mzima nikitafuta mwingine. Hakuna. Nikavuka barabara, nimeificha simu chini ya koti, nikamwomba. Hakucheka. Ningependa angecheka. Aliichomeka kwenye betri yake, akaifunika kwa gazeti ili wateja wasione simu ya Kengele inanyonya kwa Tausi, akaniletea kigoda. Nilikaa pale saa nzima nikitazama kibanda changu mwenyewe kutoka upande wa adui. Kinahitaji rangi.

Alisema tena habari ya kichuguu. Nikajifanya sisikii.

Alhamisi, 5 Septemba

Sijui niandike vipi.

Saa nne hivi za asubuhi simu iliita. MKWE. Ikaita mara moja, ikakata. Bipu moja! Niliruka nikagonga kichwa kwenye bati. Nilitoka nje nikamkumbatia Bartolomayo, ndiyo, Bartolomayo, nikamnunulia soda, nikamnunulia soda na fundi cherehani, nikamwambia Raheli aje harusini. Watu wakanipa mikono. Mwanamke mmoja nisiyemjua alipiga kigelegele.

Soda haijaisha, simu ikaita tena. MKWE. Ikakata.

Mbili.

Barabara nzima ilikuwa inanitazama. Nilisubiri iite ya tatu, sijui kwa nini, ya tatu haikuwa na maana yoyote. Haikuita.

Bartolomayo alinishika bega akasema nimpigie mzee nimuulize. Nimpigie mtu aliyenikataa, nimlipie na vocha anikatae mara ya pili kwa maneno? Akasema huenda mzee alikuwa juu ya kichuguu, upepo huu wa Septemba, huenda hakuwa na hakika. Nikamwambia mtandao wa Kengele hauna kichuguu. Nilisema kwa sauti kubwa mno. Nimeumia, na nikiumia huwa najiona simba.

Nilimwomba Baba Mdogo aende Mlali akaichukue simu yangu. Alikataa katakata. Alisema kudai kifungua mlango ni kumtukana mtu mlangoni kwake, na yeye hataki kuwa mdomo wa tusi hilo. Basi nikamkuta Luka, dereva wa lori la alizeti, alikuwa anaondoka kwenda Mlali. Nikampa ujumbe: Rahimu anasema, kwa kuwa mlango haukufunguka, ufunguo urudi.

Maneno mazuri. Nilijipongeza njia nzima mpaka nyumbani. Jina kwenye simu nimebadilisha. Sasa ni YULE MZEE.

Ijumaa, 6 Septemba

Luka amerudi na simu. Imefungwa kwenye leso safi, na chaja yake, na hata lile boksi. Hakuna kilichopungua. Mzee amesema asante.

Asubuhi yote nimekuwa nikiikunja na kuikunjua ile leso.

Baada ya swala ya Ijumaa Shamimu akaja dukani. Hakukaa. Aliongea akiwa amesimama, taratibu, na ningependa angepiga kelele. Alisema baba yake alikubali. Alikubali Jumatano ile ile, ndugu zake wote wakakubali, akasubiri Alhamisi kwa kuwa aliahidi Alhamisi. Asubuhi akapanda kichuguu, mzee wa miaka ile, kanzu inapeperuka, wajomba wamemshikia ngazi. Akabipu. Kwa upepo hakusikia kitu. Akaogopa haijafika, binti yake asije akakosa mume kwa sababu ya upepo. Akabipu tena, kwa uhakika. Akashuka, bibi yake Shamimu akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mchana ndipo Luka alipoingia uani, na ujumbe wangu, mbele ya wageni waliokuja kupongeza.

Ng'ambo ya barabara Bartolomayo alikuwa anapanga vocha zilizokwisha kupangwa.

Nilimwambia Shamimu anisamehe. Akasema si yeye wa kuombwa. Amembembeleza baba yake mpaka amechoka, na mzee amekubali kunipokea Jumapili, mara moja tu. Niende kwa miguu yangu, nizungumze kwa mdomo wangu. Nikiharibu, yeye hataligusa tena jambo hili, na ataomba uhamisho. Halafu akasema kitu kingine: nikitoka huko, jibu lolote nitakalopewa, nisimbipu. Nije mwenyewe nyumbani kwa shangazi yake nimwambie. Atakuwa mlangoni.

Nampenda. Sijawahi kuliandika humu. Nimefikiri ni jambo linalojulikana.

Jumamosi, 7 Septemba

Sikulala vizuri. Nimefanya mazoezi ya kuomba radhi mbele ya kioo. Nikiinamisha kichwa naonekana mwizi. Nisipoinamisha naonekana mdai.

Jina nimelirudisha: MKWE. Halafu nikaogopa kwamba naleta nuksi, nikaandika MZEE A. Halafu nikarudisha.

Bartolomayo alivuka jioni. Ameleta laini ya Tausi, imefungwa kwenye karatasi, zawadi yake kwa mzee ili asipande kichuguu tena. Na ushauri: simu yangu niiache nyumbani. Nilimwambia ndiyo, ndiyo. Laini nimeitia mfuko wa ndani wa koti, chini kabisa. Simu nimeitia mfuko wa juu. Mtu hawezi kusafiri uchi.

Jumapili, 8 Septemba

Naandika nikiwa Mlali, kivulini mwa mashine ya kusaga, nasubiri gari. Nitaandika kwa mpangilio ingawa nataka kuruka.

Nilipiga hodi. Nikasema shikamoo, mzee akaitika marahaba. Wajomba wawili wameegemea ukuta. Bibi pembeni, sauti bado imemkauka, ananitazama kama mbuzi aliyekula mtama wake. Mazoezi yote ya kioo yakapotea. Nikajikuta nimepiga magoti nikisema niliona bipu mbili nikaogopa, na nikiogopa huwa natukana. Basi.

Mzee akaniuliza kama nilishindwa kumpigia nimuulize. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikasema vocha, na kiburi. Akauliza kipi zaidi. Nikasema kiburi, baba.

Mjomba mmoja akaanza kucheka, akajifanya anakohoa. Halafu wa pili. Halafu mzee mwenyewe mabega yakaanza kutikisika. Akasema naye ameliona kosa lake: mtu mzima kupanda kichuguu kukiambia kidude habari za mwanawe. Amekubali! Amesema kwa mdomo, mbele ya watu, na amesema asiulizwe tena. Faini: mbuzi kwa bibi, kwa vigelegele vyake vilivyoharibika. Na laini ya Tausi, maana ameambiwa na majirani kwamba hiyo inashika hata jikoni.

Mkwe wangu, Tausi! Nilihisi mfuko wa ndani unaniunguza. Nikasema kwa bahati mbaya Tausi ni adimu sana siku hizi, lakini nitaulizia. Nikamrudishia ile simu ya kifungua mlango, na laini yake ya Kengele. Aliipokea kwa mikono miwili. Nililia kidogo. Bibi alinifuta kwa ncha ya kanga yake, akapiga kigelegele kimoja, hafifu, cha majaribio.

Basi, ni saa tisa. Gari haina dalili. Shamimu amesimama mlangoni kwa shangazi yake Nkuhungu na hajui. Atasimama hapo mpaka magharibi, roho juu. Alisema nisimbipu, lakini alisema vile akiwa na hasira, na akidhani jibu litakuwa baya. Jibu zuri ni jambo jingine. Mwanaume anayempenda mtu hawezi kumwacha ateseke kwa ajili ya kanuni. Na kanuni ya bipu anaijua, nilimweleza mimi mwenyewe.

Laini ya Tausi ninayo mfukoni. Lakini habari ya ndoa yangu ipite Tausi? Kamwe.

Nimepanda kichuguu. Kweli kinaonyesha mtandao, kijistari kimoja, nikisimama kwa mguu wa kushoto. Upepo ulikuwa mkali, koti limenifunika uso. Nikambipu mara moja. Sikusikia kama imeita. Nikatazama simu, vumbi tupu kwenye kioo. Nikafikiri, masikini, kama haijafika?

Nikambipu tena, kwa uhakika.

Chaji imekwisha papo hapo, lakini hakuna neno, habari imefika. Naliona vumbi la gari linakuja. Nitamkuta mlangoni anacheka.