Bawaba za Marehemu

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Boneti imefika! Ya faiba, nyepesi kama sinia. Siku tano zimebaki. Jumamosi saa nne asubuhi binti yangu anaolewa, nami nimeapa mbele ya ukoo mzima kwamba nitampeleka kwa gari nililoliunga kwa mikono yangu mwenyewe. Mikono yangu, na ya marehemu kidogo. Gari nililinunua kwa mjane wa mtaa wa pili, likiwa vipande vipande ndani ya maboksi. Mumewe ndiye aliyelianza. Kila kitu kilikuwemo isipokuwa boneti. Nilipouliza iko wapi, mjane alisema tuzungumze mengine.

Daftari la marehemu lilikuwemo pia. Maelekezo yote kwa penseli, mwandiko wa mtu anayepiga mstari kwa rula hata chini ya jina lake. Ukurasa wa mwisho: Boneti. Bawaba nyuma, chini ya kioo. Baada ya hapo kurasa tupu.

Nyuma ndiko nilikotaka na mimi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliunga gari lake mwaka jana na bawaba akaziweka mbele, karibu na taa. Tangu hapo anajiita Mtaalamu. Nikiweka mbele atasema nimemwiga. Afadhali nitembee kwa miguu.

Nimetoboa matundu manne. Moja halikukaa sawa, kwa hiyo ni matano. Kushoto boneti inagusa madigadi, kulia kidole changu kinapita na pete yake. Kutoka mbali haionekani. Mke wangu ametazama kutoka mbali, akasema inaonekana.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Nimefungua banda saa moja asubuhi. Bawaba ziko mbele.

Si mimi. Matundu yangu matano yamezibwa na kupigwa msasa, hata kwa ukucha siyapati. Pengo ni lilelile pande zote, nimepitisha sarafu kuzunguka boneti nzima. Spana zangu, ambazo hulala popote zilipoanguka, zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Namba kumi na tatu ilikuwa bado ya moto. Na kufuli lilikuwa limefungwa, ufunguo ukiwa shingoni mwangu.

Nywele zilinisimama. Kisha nikakasirika, nikajisikia nafuu. Ni Shemeji! Kikulacho ki nguoni mwako. Anataka gari langu lifanane na lake, apate la kusema mbele ya wakwe. Nimempigia simu. Amesema yuko safarini kikazi tangu Jumapili, anarudi Ijumaa, na akaniuliza kama nalala vizuri.

Nimerudisha bawaba nyuma. Matundu sita. Kabla ya kufunga banda nimemwaga unga sakafuni, kuanzia mlangoni hadi kwenye magurudumu. Tutaona nyayo za nani.

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Bawaba mbele. Unga haujaguswa. Hakuna unyayo, hakuna kisigino, hakuna hata alama ya mkia wa panya.

Daftari lilikuwa wazi juu ya kiti cha dereva, ukurasa wa boneti. Neno "nyuma" limekatwa kwa mstari mmoja wa rula. Juu yake pameandikwa: Mbele. Penseli ileile, mwandiko uleule.

Nilikaa chini kwenye unga. Humu ndani sidanganyi: niliogopa. Mke wangu akaja akauliza unga wake unafanya nini sakafuni. Nikamwambia bandani mwetu kuna marehemu. Akasema hata marehemu hamwagi unga wa watu.

Baada ya chai akili ilirudi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakusema mgeni lazima awe hai. Fundi asiyekula, asiyechelewa, asiyeomba ruhusa ya msiba! Nimemwandikia orodha na kuibandika ukutani: kufunga taa ya kushoto, kunyoosha usukani, kupaka rangi, na ule mlango wa kabati la jikoni unaoning'inia mwaka wa nne sasa. Mwisho kabisa: bawaba nyuma, tafadhali. Nikazihamishia nyuma mwenyewe ili aelewe ninamaanisha nini.

Alhamisi, tarehe 6 Agosti

Taa bado. Usukani bado. Rangi bado. Bawaba mbele. Na kwenye orodha, kando ya kila mstari: Mbele. Mbele. Mbele. La mwisho penseli imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Mlango wa kabati tu ndio umetengenezwa. Unafungwa bila kelele. Inaelekea ni mtu wa bawaba, mengine hayamhusu. Mke wangu amenishukuru, machozi yakimlengalenga. Nimezipokea shukrani zake.

Jioni nikaenda kwa mjane. Nikajifanya naulizia kama kuna mtu mwingine mwenye ufunguo wa banda langu. Akaniuliza kama spana zinapangwa. Nikasema kidogo.

Ndipo akaniambia. Mumewe hakuishia kulianza lile gari. Alilimaliza, isipokuwa milango, akatoka nalo kulijaribu. Kwenye kona ya kiwanda cha matofali upepo uliingia chini ya boneti. Bawaba zilikuwa nyuma. Boneti ikanyanyuka yote ikaziba kioo, na hakuiona tena barabara. Gari lilirudi nyumbani likiburutwa, yeye hakurudi. Mjane aliita mafundi walifungue lote, boneti akaitupa. Alisema mumewe hakuwa na usingizi kazi ikikaa vibaya, na penseli ilikuwa sikioni hata wakati wa kula.

Akauliza gari la harusi litapita njia gani. Nikasema kona ya kiwanda cha matofali. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba sana, kwa ajili ya mtoto, niziache bawaba zilipo.

Nimerudi nikitafakari sana. Nimegundua kosa la marehemu: komeo lake lilikuwa dhaifu. Langu nitalifunga kwa waya mnene. Bawaba nyuma.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Mbele, kama kawaida. Ningeziacha. Kweli ningeziacha, maana usiku niliona kona ile kila nilipofumba macho.

Lakini Shemeji amerudi. Ameingia bandani na mkwe wangu mtarajiwa, ameona bawaba, amepiga makofi. Eti hatimaye mwanafunzi amefuata mwalimu. Halafu akasema gari lake liko tayari kumbeba bibi harusi, kama langu litaleta aibu. Binti yangu akasema taratibu kwamba labda tulifikirie. Binti yangu mwenyewe!

Alipoondoka nimezihamisha. Bolti mpya, nimekaza mpaka kiwiko kikalia. Kisha nikazikusanya spana zote, nikazifunga kwenye shuka, nikazilaza chini ya mto wangu. Bila spana hata marehemu ni mtu wa kawaida tu. Mke wangu ameuliza mto unagonga nini. Nimemwambia alale.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti

Naandika jioni.

Nimeamka shavu likiungua. Spana namba kumi na tatu ilikuwa juu ya mto, ya moto. Nyingine zilikuwa zimepangwa kitandani kati yangu na mke wangu, kutoka ndogo hadi kubwa. Yeye hakugeuka hata mara moja.

Bawaba mbele. Muda wa kubishana haukuwepo. Binti alipanda kwa stuli, maana milango bado, akakaa nyuma na shela lake. Nikaondoa gari. Ule waya mnene nikausahau juu ya benchi.

Nilikumbuka tulipofika kwenye kona ya kiwanda cha matofali. Upepo ulitupiga ghafla. Nikasikia komeo likiachia. Boneti ikatetemeka, ikanyanyuka upande wa kioo, upana wa kidole, nikaona giza chini yake. Halafu upepo uleule ukaikandamiza, ikashuka polepole na kutulia, kama kuna mtu ameilaza kwa kiganja. Barabara yote ilikuwa wazi mbele yangu. Nyuma yangu mwanangu alikuwa mzima, ameshika shela lisiruke. Nililia. Nikamwambia ni vumbi.

Tulipofika aliniuliza yule mzee wa kwenye kona ni nani. Mzee gani? Yule aliyesimama pembeni, akasema, mwenye penseli sikioni. Alimpungia mkono, mzee hakuitikia. Binti alikuwa amechukizwa kidogo. Bibi harusi anapita, mtu anatazama boneti!

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Harusi ilifana. Shemeji aliniuliza mbele ya wakwe kama sasa nakiri kwamba bawaba za mbele ni salama. Nikasema hilo lilikuwa wazo langu tangu mwanzo, ila mwaka jana aliniwahi. Mjane alikuwa meza ya jirani. Aliangalia sahani yake.

Leo nimeanza milango. Ya Shemeji inafunguka kama ya watu wote. Yangu itafunguka kinyume, bawaba nyuma, uwazi ukielekea upepo. Hakuna aliye nayo mtaani. Nimeandika hivyo kwa kalamu ya wino kwenye ukurasa mpya wa daftari, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, chini ya maandishi yangu palikuwa na mstari wa rula na neno moja la penseli: Hapana.

Nimetafuta kifutio nyumba nzima. Nimekipata, nimelifuta. Mgeni hampangii mwenyeji kazi. Na leo spana zitalala chini ya mto wa mke wangu.