Tafadhali Msitutengenezee Ngazi

Ndugu Mratibu wa Wajitoleaji wa Kiangazi,

Habari za kazi. Mimi ni Darlis Long Elk, mjukuu wa Bibi Ramona wa nyumba ya buluu karibu na tangi la maji. Kwa heshima zote naomba Jumatatu msije kututengenezea ngazi za mlangoni. Msaada wenu unatumaliza.

1. Kwetu Walakota, wenyeji wa asili wa nchi hii ya Marekani, aliyetendewa jema haishii kusema asante, hutoa kitu. Juni mlitupakia nyumba rangi. Bibi akawapa mifarishi mitatu ya viraka vilivyopangwa umbo la nyota, aliyoishona kabla macho yake hayajachoka. Nyumba ikapendeza, vitanda vitatu vikabaki uchi.

2. Julai mlileta kuni. Bibi akatoa birika la kahawa. Sasa moto tunao, cha kuteleka hatuna.

3. Mlipoziba paa, kiti chake cha kubembea kikaondoka. Nikamuuliza, "Bibi, utakaa wapi?" Akanijibu, "Chini ya paa lisilovuja. Umesoma mpaka chuo, hata hilo hulioni?" Binamu yangu Chester ameshalificha gari lake. "Dada, hawa wakigusa choo tu, mimi natembea kwa miguu."

4. Kitandani kwangu kuna mfarishi wa nyota nyekundu. Bibi alinivika mabegani siku niliyohitimu. Ndio wa mwisho alioushona, na hatashona mwingine. Jana nimeukuta umekunjwa mezani. "Ngazi ni kazi kubwa, mjukuu wangu," alisema, bila kunitazama.

5. Ngazi mbovu tumezizoea. Bibi huzishuka akiwa amening'ang'ania mkono, na sijawahi kulalamika. Nikisema kweli, naipenda saa hiyo.

Kama ni lazima mje, basi leteni wavivu. Misumari ipinde. Mmoja amtukane mbwa wetu, maana Bibi hawezi kumshukuru mtu wa namna hiyo. Ngazi zikianguka mara moja tu, mfarishi wangu umepona.

Wasalimie wote ofisini, na yule mzee wenu anayeimba akigongomea misumari.

Wako, mwenye shukrani za shingo upande,
Darlis Long Elk

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado mfukoni mwangu watu wenu walipofika, siku mbili kabla ya Jumatatu. Wamejenga ngazi tano, na mahali pa kushika. Bibi ameshuka peke yake kwa mara ya kwanza tangu theluji ya mwaka juzi, akaenda mpaka kwenye sanduku la barua, akarudi anacheka. Halafu akanitazama nilivyonuna, akasema, "Basi, tuwape redio." Nikauchukua mfarishi mezani, nikamvika yule mzee wenu mwimbaji mwenyewe. Mwambieni aufue kwa maji baridi.

Choo pia kinavuja. Njooni mkipata nafasi. Chester hajui kama nimewaambia.