Moyo wa Tumu Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 5 Juni 1995. Likoni.

Wanataka kumtia binti yangu ndani ya kompyuta! Yaani moyo wake. Tumu ana miaka tisa na tundu moyoni tangu kuzaliwa. Akipanda ngazi hukaa chini katikati kutafuta pumzi. Daktari Mwanarehema asema kabla ya kumpeleka Nairobi kupasuliwa, ataipa mashine vipimo vyake: upana wa tundu, presha ya mapafu, uzito wa mwili. Mashine itaunda moyo wa mfano, izibe tundu kwa hesabu, ionyeshe kama moyo utamudu. Ukishindwa mle, hapasuliwi.

Nikamwambia daktari kwamba nchi isiyo na dawa ya minyoo haina haki ya kumiliki moyo wa kioo. Akaniuliza kama nimemaliza. Sikuwa nimemaliza.

Shemeji Mbarak, kaka wa mke wangu, hupima mizigo uwanja wa ndege kule Port Reitz, kwa hiyo ni bingwa wa mashine zote duniani. Ametangaza mbele ya nyumba nzima kuwa Tumu ni mwembamba mno, kompyuta itamkataa. Mashine haihongeki, Mwidani, asema, wala haisomi barua zako za gazetini. Fedhuli!

Jumanne, 6 Juni.

Sikulala. Lakini hila nimeipata. Tatizo ni wembamba? Basi mtoto atapewa uzito. Mama mkwe, Bi Barke, amemfunga Tumu hirizi kiunoni, mkanda mnene wa kitambaa, asipatwe na kijicho huko hospitali. Mimi nimezipiga vita hirizi hadharani maisha yangu yote. Leo nimeiona faida yake: hakuna nesi wa pwani atakayethubutu kumvua mtoto hirizi ya nyanya yake. Nimeifumua, nimeijaza chubwi za risasi, zile za kuzamishia mshipi wa samaki, nimeishona tena. Sindano imenichoma. Tumu auliza mbona hirizi imekuwa nzito. Nimemwambia ni wingi wa dua.

Jumatano, 7 Juni.

Imepita! Nesi aliigusa hirizi, akamtazama Bi Barke, akaurudisha mkono haraka. Mshale wa mizani ukaruka. Nesi akashangaa, mwili mdogo hivi! Nikamjibu kwamba ukoo wetu una mifupa mizito. Mbarak akainama kuusoma mshale mwenyewe. Siku tamu kupita kiasi.

Alhamisi, 8 Juni.

Msiba. Daktari alituita kwenye kioo cha kompyuta. Moyo wa mistari ya kijani, unapiga, unapiga. Akaamuru tundu lizibwe. Ukapiga kidogo, ukalegea kama mpira uliotoboka. Asema moyo huu wasukuma damu haba mno kwa mwili wa uzito huu. Ajabu, asema, kwa macho alitarajia mazuri. Nairobi hapana. Mke wangu Dhahabu akatoka nje. Mbarak hata hakunicheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Niseme? Mimi? Mbele ya Mbarak? Nikatafuta njia ya heshima: nikailaumu mizani. Nikapiga meza, nikadai mizani ya hospitali imeoza, apimwe upya, bila kitu mwilini! Bi Barke akaishika hirizi. Akaniuliza, we baba, wataka mjukuu wangu aliwe na macho ya watu? Nikavuta huku, akavuta kule. Uzi wangu ukakatika. Chubwi zikamwagika sakafuni, zikaviringika mpaka chini ya kompyuta.

Bi Barke akauliza tangu lini hirizi yake huvua samaki. Tumu akacheka mpaka pumzi zikamwishia, ikabidi aketishwe.

Maneno ya daktari siyaandiki humu. Akampima upya, akagonga tarakimu upya. Tukangoja. Nimegombana na madiwani, wahariri na makadhi. Kabla ya leo sijapata kumwomba Mungu kwa ajili ya mashine. Tundu likazibwa. Moyo wa kijani ukasita. Ukapiga. Ukaendelea kupiga. Wallahi, ukaendelea! Nililia begani kwa Mbarak. Akanipapasa mgongo, akaninong'oneza kuwa mzigo wangu umezidi kiwango.

Jumapili, 23 Julai.

Alhamdulillahi. Tumu amepasuliwa, amerudi. Leo amepanda mlima wa kutoka kwenye feri bila kukaa chini, mimi ndiye niliyekaa. Moyo wa kweli umefanya vilevile kama ule wa kioo. Nimeliandikia gazeti kueleza jinsi nilivyoijaribu kompyuta hiyo kwa mbinu ya kisayansi, nayo ikaushinda mtihani wangu.

Kesho Tumu apimwa tena. Daktari ameagiza nibaki nje ya mlango. Inshallah nitaingia. Maana nimetafakari, nimegundua tulikokosea: kompyuta haipendi watoto wazito, yapenda wepesi. Na huyu sasa ala kama baharia! Basi akipanda mizani nitasimama nyuma yake, baba mwenye mapenzi, nimemshika chini ya kwapa. Nitainua kidogo tu. Vidole viwili.